Mafuta ya Nazi Ndani ya Bunduki

Miaka miwili ya kwanza ya ndoa yangu, mama mkwe alikuwa akizungumza nami kupitia kwa mbuzi.

Simcheki. Kwetu, magharibi ya nchi kwenye mashamba ya miwa, mwanamume hujitenga na mama wa mkewe. Hampi mkono, hali naye meza moja, na wakikutana njiani mmoja hupisha kichakani. Nilipooa Kakuyuni nilikwenda na desturi hiyo na kuitangaza mapema, ili watu wajue kwamba fundi cherehani wa Malindi naye ana kwao. Mama mkwe, Mgiriama asiyekubali kushindwa adabu na mtu wa bara, aliipokea akaikaza kuliko mimi. Nikifika kwake nilikaa barazani mgongo nimeupa mlango, naye akakaa ndani nyuma ya pazia. Mke wangu akiwepo, alipeleka maneno huku na huku. Asipokuwepo, kazi ilimwangukia mbuzi aliyefungwa kwenye mnazi uani.

"Mbuzi," sauti ilikuwa ikitoka ndani, "muulize mkwe kama ameshiba."

"Mbuzi, mwambie Mama nimeshiba sana, ahsante."

Mbuzi alitafuna zake.

Huyo mama alikuwa na bunduki ya upepo, na hiyo ndiyo iliyoniponza. Si bunduki ya baruti. Unaukunja mtutu kwenda chini, springi iliyo ndani inabanwa, unatia kijirisasi kidogo kama punje ya mtama, unaurudisha mtutu, unalenga. Ukifyatua, springi inasukuma pistoni, pistoni inasukuma hewa, hewa inasukuma risasi. Ni pampu ya baisikeli yenye hasira, basi.

Ilikuwa ya marehemu mumewe, aliyekuwa mgema. Kunguru walizoea kupanda juu ya minazi yake na kunywa tembo kwenye kibuyu kabla yeye hajafika. Yeye hakuwaua. Alining'iniza kifuniko kikuukuu cha sufuria karibu na kila kibuyu, na kunguru wakitua alikipiga kifuniko kwa risasi, ngaa, wakatawanyika wakimtukana. Alipofariki, mjane wake alisumbuka kwenye ofisi moja hadi nyingine mpaka kibali kikatoka kwa jina lake. Alikiweka ndani ya karatasi ya plastiki, katikati ya Biblia. Bunduki haikutoka uani bila yeye na bila hiyo karatasi, hata kwa fundi, hata kama fundi ni mkwe.

Nimewahi kuwaona watu wakichagua mchele kwa makini, lakini sijaona mtu akichagua risasi kama yule mama. Upepo wa pwani una chumvi, na risasi zikikaa wazi huota ungaunga mweupe, kwa hiyo alizihifadhi ndani ya kibuyu chenye mchele mkavu. Siku ya kuzitumia alizimwaga juu ya kioo, akazivingirisha moja moja. Iliyokwenda upande aliitenga. Iliyobonyea kwenye ukingo wake wa nyuma aliirekebisha kwa ncha ya kalamu. Akimaliza alinawa mikono kwa sabuni mara mbili, na aliyegusa risasi akasogelea chakula bila kunawa alifukuzwa jikoni, awe mbuzi awe mkwe.

Haya yote aliyafanya kwa ajili ya kopo.

Lilikuwa kopo bapa la bati, la mviringo, lililokuwa na risasi zamani. Marehemu alikuwa na rafiki yake wa Mambrui, mchuuzi wa samaki aliyestaafu, ambaye naye alikuwa na bunduki ya upepo yenye kibali chake. Kila mwaka, Jumamosi moja ya mwezi wa saba, walikutana Ganda kwenye shamba la jamaa yao, mbele ya kichuguu kikubwa, wakashindania kopo hilo. Mwaka wa mwisho wa uhai wake marehemu alishindwa, na kopo likaenda Mambrui. Siku ya matanga yule mzee alilileta, akitaka kulirudisha. Mjane alikataa.

"Aliliweka shindanoni mwenyewe," alimwambia. "Litarudi kwa njia liliyoondokea."

Akajifunza kulenga, akaenda Ganda mwaka uliofuata, akashindwa. Akaenda tena, akashindwa tena kwa risasi moja. Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa tatu, na hakuna kitu alichokitaka duniani kama kuliona kopo hilo limerudi nyumbani kwake. Mke wangu aliniambia mamake alikuwa akiliota.

Basi Jumapili, siku sita kabla ya shindano, tulifika kumtembelea. Wao wawili walikuwa wakijiandaa kwenda kanisani, na mke wangu alikuwa bado bafuni. Sauti ikatoka nyuma ya pazia:

"Mbuzi, mwambie fundi bunduki inakohoa asubuhi. Akaze skrubu, afute penye bawaba. Basi. Asifanye jingine."

Nilikasirika kidogo. Mimi nafungua cherehani nimefumba macho. Mafundi wa nguo kutoka Watamu mpaka Mambrui wananiletea mashine zilizoshindikana, halafu naambiwa nikaze skrubu! Walipoondoka niliikagua bunduki nikaona ni kavu. Kifaa kikavu hutiwa mafuta, mtoto mdogo anajua. Kichupa changu cha mafuta ya cherehani nilikuwa nimekiacha dukani mjini. Jikoni kwa mama mkwe kulikuwa na chupa ya mafuta ya nazi, aliyoyakamua mwenyewe, masafi, yanang'aa. Nikajiambia mafuta ni mafuta.

Naomba msomaji anielewe. Mimi ndiye ninayewagombeza wateja wote wa pwani kwa kutia mafuta ya nazi kwenye cherehani. Nimeandika ukutani kwa rangi nyekundu: USITIE MAFUTA YA NAZI. Nikayatia, kijiko kizima, kupitia kitundu kilicho mbele ya pistoni, kisha nikakunja mtutu na kulenga kifuniko cha sufuria.

Mlio uliotoka haukuwa wa bunduki ya upepo. Ulikuwa wa bunduki. Kuku walipotea. Moshi wa buluu ulitoka mtutuni ukinukia mandazi, na kifuniko juu ya mnazi kilizunguka kama kimepandwa na pepo. Je, niliogopa? Nilifurahi! Nilidhani nimeipa bunduki nguvu mpya ambayo marehemu mwenyewe hakuijua. Nikapiga ya pili, ya tatu, nikafika sita. Ya saba ilitoa sauti ya mtu anayepiga mwayo, na risasi ikaanguka hatua tatu kutoka miguuni pangu.

Nilichokuwa nimefanya nilikuja kukielewa jioni hiyo kwa simu, nikitazama video za watu wanaofungua bunduki zao juu ya vitambaa vyeupe. Mafuta yakizidi mbele ya pistoni, hewa inapobanwa ghafla hupata moto na mafuta yanawaka. Kichwani pa pistoni pana washa ya ngozi inayozuia hewa isivuje. Nilikuwa nimeikaanga mara sita.

Mama aliporudi kutoka kanisani, akiwa amemtangulia mke wangu, nilikuwa barazani, nimegeuza mgongo, natokwa na jasho.

"Mbuzi, muulize fundi ile milio iliyofika mpaka kanisani ilikuwa ya nini."

"Mbuzi, mwambie Mama ilipita bodaboda, ekzosi yake mbovu."

Nikamsikia akinusa hewa.

"Mbuzi, nani anakaanga?"

"Nadhani ni jirani, Mama," nikajibu, nikimsahau mbuzi kabisa.

"Haya," akasema.

Jumanne nilifunga duka nikarudi Kakuyuni na bisibisi zangu. Nilimweleza mbuzi kwamba washa ya ndani imekufa kwa uzee, miaka imekuwa mingi, hakuna wa kulaumiwa. Nikaanza kuifungua bunduki. Wale watu wa video walionya kwamba springi hukaa ndani ikiwa imebanwa na lazima izuiwe wakati wa kutoa pini. Niliwasikia, ila mimi ni fundi. Nilipogonga pini ikatoka, springi iliruka ikapita juu ya sikio langu na kuzama kwenye makuti ya paa la jiko. Nilikaa juu ya paa hilo karibu saa nzima nikipekua mpaka nikaipata, huku sauti chini ikimwomba mbuzi amwambie fundi asibomoe jiko la watu.

Washa ilitoka nyeusi, imejikunja, ngumu kama ganda la korosho. Jumatano niliipeleka mji wa kale wa Malindi, kwa mzee mmoja anayeshona makubadhi. Huyo anajua ngozi. Aliigeuzageuza washa, akaipeleka puani.

"Hii haikuchakaa, baba," alisema. "Hii imeungua. Umeipika nini?"

"Imezeeka, mzee wangu."

"Uzee haunukii nazi." Lakini aliacha hapo, kwa hisani yake. Alichagua kipande cha ngozi laini, akakiloweka, akakibana ndani ya tundu la ubao kwa kizibo mpaka kikapata umbo la kikombe kidogo, akakiacha kikauke. Jioni alikipunguza kwa kisu chembamba, akakijaribu na pistoni niliyomletea, akakipunguza tena. Alinipa na onyo kwamba ngozi mpya ina ukaidi, haitakaa sawa mpaka ipate risasi chache.

Alhamisi ndiyo siku ninayoikumbuka kuliko zote. Niliifuta bunduki ndani mpaka kitambaa kikatoka cheupe, nikapaka grisi kidogo sana, nikatia pistoni na washa yake mpya. Ile iliyoungua nikaitupa nyuma ya banda la kuku. Ilibaki springi. Kurudisha springi kunataka mikono minne: mmoja aibane kwa nguvu zake zote, mwingine aingize pini. Mke wangu alikuwa kazini mjini. Majirani walikuwa shambani. Nilijaribu kwa goti, ikanirukia. Nikajaribu kwa kuegemea mti, ikanirukia. Mara ya tatu ilimkosa mbuzi kidogo tu.

Pazia likafunguka. Mama mkwe akatoka, leso imefungwa kiunoni, akaja moja kwa moja.

Niliruka nikaugeukia ukuta, kama nilivyofunzwa.

"Utaangalia ukuta mpaka Jumamosi?" akaniuliza. Aliniuliza mimi, si mbuzi.

"Mama, desturi..."

"Desturi ya nani?"

"Yetu. Na yenu."

"Yetu yataka adabu, mwanangu. Mbuzi ni wenu."

Nikageuka nusu. "Mama, kwetu hakuna mbuzi. Nilidhani mbuzi ni desturi ya hapa."

Alinitazama. Nami nikamtazama. Kwa miaka miwili kila mmoja wetu alikuwa akimvumilia mbuzi kwa kumheshimu mwenziwe. Alicheka akashika magoti, nami nikacheka mpaka nikakaa chini. Baadaye nilipompigia simu mke wangu kumweleza, alisema alijua tangu mwanzo, ila ilikuwa inampendeza sana kututazama. Bado sijamsamehe vizuri.

Tuliweka ubao chini, kitako cha bunduki kikaegemea kizingiti. Nilishika kipande cha mti nikaisukuma springi kwa kifua chote, na yeye akapiga magoti mbele yangu na pini mkononi. Nyuso zetu zilikuwa karibu kuliko ninavyokaa na kinyozi. Ndipo kwa mara ya kwanza nilipomwona sawasawa: ana kovu dogo kwenye nyusi, na masikio yake ni ya mke wangu kabisa.

"Sukuma," alisema. "Bado. Bado kidogo. Usipumue! Sukuma!"

Pini ikaingia. Tukabaki pale chini, tunahema, tumechafuka grisi, tumefurahi kama watu walioshika mwizi.

Hapo ndipo iliponipasa kusema. Mlango ulikuwa wazi, moyo wake ulikuwa mkunjufu, na maneno yalikuwa machache tu: Mama, si uzee, ni mimi. Niliona haya. Alikuwa ameniita mwanangu muda mfupi tu uliopita, na sikutaka kumpa sababu ya kulirudisha neno hilo. Nikasema, "Sasa itapiga vizuri, Mama," nikanawa mikono mara mbili. Kuijaribu hatukuijaribu, kwa kuwa risasi nzuri zilizobaki zilikuwa kumi tu, za shindano.

Jumamosi tulikwenda Ganda, yeye na kibali chake mkobani, mke wangu na chupa ya chai, mimi nikiwa sina usingizi. Mzee wa Mambrui alikuwa amefika, kanzu safi, kofia ya kudariziwa, na kopo limewekwa juu ya kiti kama mgeni rasmi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Shemeji, hujambo? Naona leo umekuja na fundi."

"Sijambo, shemeji. Nimekuja na bunduki."

Vizibo vya soda vilipangwa kwenye ubao uliosimamishwa mbele ya kichuguu, kumi kwa kila mmoja. Watu wote walikaa nyuma ya mstari. Mzee alianza. Alipiga taratibu, akisema bismillahi kabla ya kila risasi, na kati ya kumi akaangusha saba. Alisikitikia zile tatu kana kwamba ni samaki waliomponyoka.

Mama mkwe akaketi, akaweka kiwiko kwenye goti. Risasi ya kwanza ikakosa. Ya pili ikakosa. Nilihesabu kwa vidole, na hesabu ilikuwa mbaya: ili kumshinda mzee ilibidi sasa aangushe nane zilizobaki, zote. Mgongo wake ulikuwa umenyooka vilevile. Mwaka mzima mama wa watu alikuwa amechagua risasi juu ya kioo, na mimi nilikuwa nimemkaangia kopo lake.

Lakini mara ya pili nilikuwa nimeona kitu. Vumbi la kichuguu liliruka chini ya kizibo, upana wa vidole viwili, na mara ya kwanza pia liliruka pale pale. Mkono wake haukuwa umetetemeka. Ngozi mpya ilikuwa haijakaa sawa, na risasi zilikuwa zikienda na nguvu pungufu.

"Mama!" niliita mbele ya watu wote. "Ngozi ina ukaidi! Lenga juu, vidole viwili!"

Watu wakanigeukia. Mkwe kumpigia kelele mkwewe hadharani! Yeye hakugeuka. Aliinua mtutu kidogo.

Kizibo cha tatu kikaruka. Cha nne kikaruka. Kwenye cha saba niliacha kutazama nikawa nasikiliza tu, tik, na mke wangu alikuwa ameukamata mkono wangu kwa kucha. Cha tisa kilisita, kikayumba, kikaanguka. Kabla ya cha kumi alishusha bunduki, akafuta macho kwa pembe ya leso, akalenga upya, akakiangusha.

Mzee wa Mambrui ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi. Alilichukua kopo kwa mikono miwili akampelekea. "Marehemu angekucheka kwa zile mbili za kwanza," alisema. "Alhamdulillahi, shemeji. Limenichosha kulifuta vumbi."

Tulirudi Kakuyuni alasiri. Mke wangu aliingia kupika. Mama mkwe hakwenda nyuma ya pazia. Aliketi barazani kando yangu, kopo mapajani, akalifungua. Ndani hamkuwa na kitu ila ungaunga mweupe wa risasi za zamani. Aliupuliza, akafunika, akafungua tena. Kisha akafungua fundo la pembe ya leso yake, akatoa kitu cheusi kilichojikunja, akakileta karibu na pua yangu.

Ilikuwa washa niliyoitupa nyuma ya banda la kuku.

"Inanukia nini?"

"Nazi, Mama."

"Nazi ya nani?"

"Yako."

"Na bodaboda?"

"Bodaboda ilikuwa mimi." Nilitamani paa la jiko liniangukie. "Nisamehe, Mama. Niliogopa."

"Nilijua tangu Jumapili. Nilikuwa nangoja uniambie, ukaniambia uzee." Hakuwa amekasirika. Alikuwa akijizuia kucheka, na hilo lilinichoma zaidi. Aliitia washa ndani ya kopo, akalifunga, akaninyooshea. "Kaa nalo. Siku ukitaka kunidanganya tena, lifungue kwanza, unuse."

"Mama, siwezi. Umelipigania miaka mitatu lirudi nyumbani."

"Na limerudi," alisema. "Nampa mwanangu."

Nikalipokea kwa mikono miwili, machozi yakinitoka, na mbuzi hakuambiwa neno.